Pazia Nililolifua

...na hapo ndipo mvua ilipotukatiza, Babu, ile Ijumaa niliyokuja kukuaga kaburini, kwa hiyo habari za mikono yake sikuzimaliza. Nilikuwa nimefikia viazi. Hamisi anamenya viazi! Mwanaume wa Muyinga, mtoto wa dukani, aliyezoea kuletewa sahani, anavuta kigoda, anakaa karibu nami jikoni, anachukua kisu, na ganda linatoka refu, linazunguka, halikatiki. Akimaliza ananivisha shingoni kama mkufu. Mimi nacheka mpaka sufuria inafurika. Sikujua kwamba furaha inaweza kuwa kitu kidogo namna hii, ganda la kiazi lenye udongo bado.

Usione wivu, mume wangu wa kwanza. Nyanya alikuwa mke wako mkubwa na mimi mke mdogo tangu sijaota meno, na Nyanya alipofariki uliwaambia majirani wote pale Gitega kwamba umebaki na mke mmoja, naye anaunguza ugali. Nimemsimulia Hamisi. Akasema anakubali kuwa mume wa pili, mradi wa kwanza asirudi kudai haki yake.

Alisema kwa utani. Lakini wewe umerudi, Babu. Leo ni wiki ya sita tangu nihamie Muyinga, na unakuja karibu kila siku.

Unakuja asubuhi, ninapowasha makaa ya chai. Kabla hayajashika vizuri nasikia harufu ya kitambaa kilichochomwa, ile harufu kavu ya kibanda chako cha ufundi, na pale jikoni hapana kitambaa wala uzi. Halafu naona mkono wako. Mkono tu, na koleo, na kipande cha kitambaa kinachoning'inia kwenye koleo. Halafu nasikia unahesabu. Na upande wa pili wa ukuta mama mkwe wangu anakohoa. Wewe unahesabu, yeye anakohoa, na mimi nimesimama katikati na birika mkononi.

Najua unachotaka. Nilikuwa na miaka ya kukuambia ukiwa hai, tukila sahani moja, na sikukuambia. Leo nakuambia.

Hamisi ataisoma barua hii kabla sijaifunga, na kuna mambo ya kazi yako ambayo bado anayachanganya, kwa hiyo niyaweke sawa. Baada ya uhuru ulifanya kazi miaka mingi Bujumbura, kwenye karakana iliyoshona viti na mapazia ya ndege. Uliporudi Gitega, kampuni moja yenye ndege ndogo iliendelea kukutumia vitambaa kwa lori. Ndege zao zilibeba watu mbele na mizigo nyuma, na katikati lilining'inia pazia zito. Watu walidhani ni la kuficha mizigo, nawe ulikasirika ukisikia hivyo. Ulisema moto ukianza kwenye mizigo, moshi ndio unaotangulia kuwafikia watu, na ndani ya ndege hakuna dirisha la kufungua. Pazia halizimi moto. Linaufungia moshi huko huko nyuma mpaka rubani apate mahali pa kutua. Kwa hiyo pazia lenyewe halipaswi kushika moto. Ulililoweka kwenye dawa, ile chumvi nyeupe uliyoipima kwa kopo la maziwa, ukalianika mpaka likakauka kabisa.

Na kila pazia lilikuwa na vipande viwili vya kitambaa hicho hicho, vilivyoloweshwa pamoja nalo. Uliviita mashahidi. Kimoja ulikishika wima kwa koleo, ukauweka mwali kwenye ncha ya chini, ukahesabu mpaka kumi na mbili kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo walivyokufundisha, kisha ukauondoa. Moto ukifa wenyewe, pazia limepita. Shahidi wa pili ulimshona kwenye karatasi ya mzigo, ili wenye ndege nao wachome wakitaka kuhakikisha.

Mazoea hayo yalikuingia mwilini. Kitenge kipya cha Nyanya ulikichoma kona. Uzi wa sare yangu ya shule uliuchoma. Nami nimeyarithi, maana siku mbili kabla ya harusi nilikata kipande cha shela langu, ndani ya pindo pasipoonekana, nikakitia kwenye mshumaa. Shangazi akapiga kelele: "Yoo! Zaituni, we iko unachoma harusi yako?" Kipande kikayeyuka na kudondoka matone. Shela langu lisingepanda ndege yako, Babu. Nililivaa hivyo hivyo, na nilipendeza, na Hamisi alipolifunua alisahau maneno yote aliyokuwa amejifunza kwa siku tatu.

Sasa nalifikia pazia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa umekwenda Buhinyuza mazikoni, siku mbili. Pazia lilikuwa tayari juu ya meza, limefungwa kwa karatasi na kamba, shahidi wake akiwa ameshonwa juu. Dereva wa kampuni angekuja Jumatatu. Nililifungua kwa sababu nililipenda tu. Nilitaka kugusa kitu ambacho kingepanda mawinguni. Nikaona kwenye pindo na kwenye mikunjo madoa meupe, kama jasho lililokauka mgongoni kwa mtu. Nikasikia ile harufu yake kali. Nikaona haya, Babu. Niliwaza wale watu wa Bujumbura watalifungua, watasema nyumba ya Fundi Athumani haina mwanamke.

Nyanya alikuwa amenifundisha kwamba nguo haitoki nyumbani kwetu na uchafu wa kazi. Inafuliwa, inapigwa pasi, inakunjwa, ndipo inakabidhiwa kwa mwenyewe. Sisi tulijulikana kwa hilo mtaani. Basi nikajaza beseni kubwa. Nikalifua kwa sabuni ya mche, mara mbili, nikalisuuza mpaka maji yakawa meupe pe. Lilikuwa zito kama mtu aliyelala. Nililianika kwenye kamba mbili, nikalipiga pasi ya makaa mpaka mkono ukafa ganzi, nikalikunja kwenye mikunjo yako ile ile, nikafunga karatasi, nikafunga kamba kwa fundo lako. Dereva akaja, nikamkabidhi. Wewe uliporudi uliniuliza neno moja: "Wamechukua?" Nikasema wamechukua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri sifa. Niliamini watakuandikia kwamba hawajawahi kupokea pazia safi namna ile, nawe utaniita mbele ya watu.

Waliandika kweli, baada ya miezi mitatu.

Ndege ilikuwa imepaa Bujumbura asubuhi ikiwa na watu saba. Kwenye mizigo kulikuwa na jiko la mafuta ambalo mwenyewe alilifunga bila kumwaga mafuta yake. Sijui cheche ilitoka wapi, hata wao hawakujua. Rubani aligeuza, akatua alipotoka, na wote walitoka hai. Lakini pazia halikushikilia. Lilishika moto kutoka chini, likafunguka kama mlango, na moshi ukawajia wale wa viti vya nyuma.

Watu wawili wa kampuni walikuletea mabaki yake, wakayatandika uani. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ulipiga magoti. Ulichukua pindo ambalo halikuungua, ukaliweka ulimini. Nalikumbuka hilo kuliko jambo lolote la maisha yangu, Babu, hata kuliko harusi. Ulilionja, ukasema: "Haina chumvi." Halafu ukaitazama mikono yako, upande huu na upande huu.

Mimi nilielewa pale pale. Sikuwa na elimu ya kueleza, lakini nilielewa. Miaka mitatu baadaye, mwalimu wa kemia alipomimina maji juu ya chumvi na kutuambia tutazame inavyopotea, nilihisi darasa zima limenigeukia, na hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Ulisema macho yako yamechoka. Ulisema huenda kopo ulilijaza nusu. Kampuni ilikunyima kazi tangu siku ile, nawe hukubisha. Ila hukuacha kuchoma. Kila siku baada ya adhuhuri ulichanganya dawa upya, ukaloweka kipande, ukachoma, ukahesabu, na kila kipande kilizimika chenyewe, na kila kilipozimika ulizidi kuchanganyikiwa. Mafundi wa jirani wakakupa jina, Fundi Moshi. Kashindi, yule Mkongomani wa magodoro, alikuwa anakupigia kelele kutoka kibandani kwake: "Fundi Moshi, leo uko unapika nini, sha? Leta nyama basi, tuchome wote!" Wewe ulicheka nao. Nyumbani hukucheka.

Kuna siku moja tu. Ulisimama uani, koleo mkononi, ukaitazama kamba ya nguo. Uliitazama muda mrefu. Nguo zangu za shule zilikuwa zimeanikwa pale. Kisha ukaingia ndani kuswali. Nimejiuliza miaka yote hii ulikuwa unatazama nini. Mara nasema ulijua, ukaniachia niseme mwenyewe. Mara nasema ulikuwa unatazama tu, kama mzee anavyotazama. Ukafa na jibu hilo.

Hamisi alikuja baada ya arobaini yako. Hili nadhani hulijui, maana kaburini nilikuambia tu kwamba alipita njia. Hakupita njia. Alitumwa na mama yake kutoka Muyinga kumtafuta fundi wa lile pazia. Mama yake ni mmoja wa wale saba. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, alikaa kiti cha mwisho kabisa, mgongo kwenye pazia lako. Aliokoka kwa sababu mtu alimkandamiza kichwa chini, akatambaa sakafuni kwenye hewa iliyobaki. Kifua chake hakikupona. Hata hivyo alisikia kwamba fundi alifukuzwa na anachekwa, ikamwuma, akamtuma mwanawe: "Mwambie yule mzee mi niko mzima. Asilale na huo mzigo."

Mimi ndiye niliyefungua mlango. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikamwambia mzee hayupo tena. Akainamisha kichwa, akanipa mimi ule ujumbe. Mimi! Aliutoa taratibu, neno kwa neno, kama anayeogopa kuumwaga njiani, na kwa kila neno nilizidi kumpenda na kuzidi kufa. Alirudi wiki iliyofuata. Alirudi tena. Mara ya tano akaja na wazee wake. Nilipaswa kusema pale. Nilisema ndiyo.

Basi ndiyo furaha yangu hiyo, Babu. Nyumba yenye milango ya bluu, mume anayeniimbia akinyoa ndevu, mama mkwe anayenichagulia kipande kizuri cha nyama na kusema mjukuu wa yule fundi asikose kitu nyumbani kwake. Ananipenda kwa ajili yako. Kisha anageukia ukutani anakohoa. Mimi nahesabu. Hufika kumi na mbili, na kupita.

Wiki iliyopita sikuweza tena. Nilikuwa nimekuja na kopo lako kutoka Gitega, na dawa iliyobaki ndani yake, na koleo. Nikasubiri mama mkwe aende sokoni. Nikaloweka vipande viwili vya pamba nzito, nikavikausha juani. Kimoja nikakiacha. Kingine nikakifua kwa sabuni ya mche mara mbili, nikakikausha tena, nikakipiga pasi. Hamisi alirudi mapema akanikuta. Alidhani ni mchezo wetu mwingine, akaomba ahesabu yeye. Akahesabu kwa Kiswahili, anapiga makofi.

Kipande cha kwanza kilishika, nikaondoa mwali, kikafa. Kikaacha ncha nyeusi fupi kama kidole. Kilikuwa kimepita, Babu. Kopo lako lilikuwa sawa. Macho yako yalikuwa sawa. Kile kilichofuliwa hakikusubiri hata sita. Moto ulikipanda kama mtu anayekimbia ngazi mpaka kwenye koleo, nikakiangusha, na moshi ukajaa uani. Hamisi bado anacheka. Mlangoni akasimama mama yake na kikapu, kanga imebanwa puani, macho makubwa.

"Enh! We mtoto, hiyo moshi iko inatoka wapi? Mi nilifikiri nyumba iko inaungua!"

Nikamwambia. Pale pale, uani, koleo mkononi. Nilimwambia beseni, sabuni, pasi, fundo la kamba. Hamisi aliacha kucheka katikati. Mama mkwe aliweka kikapu chini, nyanya moja ikabingirika, hakuna aliyeiokota. Alikohoa kwanza, muda mrefu. Kisha akauliza: "Mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Na pasi?"

"Na pasi."

Akatikisa kichwa. "Bon. Mi nilimsamehe mtu hakukosa kitu. Msamaha wangu nilimpelekea mzee wa watu, anafanya nao nini?" Nikapiga magoti kushika miguu yake, akairudisha nyuma. "Ondoka hapo. Hapa sikusamehe. Si hapa."

Kwa siku mbili hakusema nami isipokuwa salamu. Hamisi naye alilala upande wa ukuta. Hakuimba akinyoa. Hakuja jikoni. Nilipika viazi na maganda yake, kwa sababu sikuweza kuvimenya peke yangu, nao wakavila hivyo hivyo bila kuuliza. Nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa nikaziweka nyuma ya mlango, nikisubiri kuambiwa nirudi kwetu.

Siku ya tatu mama mkwe aliingia jikoni akauona ule mzigo. Akasema: "Umeshafunga? Vizuri. Ongeza nguo moja ya kusafiria, twende wote." Halafu akaniambia atakaponisamehe. Gitega. Nisimame pale vibandani, mchana, mafundi wote wakiwepo, nimwite Kashindi na wenzake, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba Fundi Athumani hakupunguza chumvi. Nivichome vipande viwili mbele yao, kilichofuliwa na ambacho hakikufuliwa. Nikishindwa, nibaki huko huko kwetu. Nikiweza, nitarudi naye. "Mi kifua changu kimekwisha, hakirudi," alisema. "Lakini jina la mtu linarudi. Hilo utalirudisha we."

Nikamwuliza kama anadhani ulijua. Nilimweleza kuhusu kamba ya nguo. Akafikiri. "Hiyo hatutaijua, mwanangu. Utabaki nayo." Alisema mwanangu. Nililishika neno hilo jioni nzima.

Naogopa, Babu. Unamjua Kashindi na mdomo wake. Nitakuwa bibi harusi wa miezi miwili aliyerudi kujitangaza kwamba aliwatia watu moshi na kumwacha babu yake achekwe mpaka kaburini. Watanipa jina mimi sasa, na litadumu. Wacha wanipe. Lako litakuwa limeondoka.

Jana Hamisi alivuta kigoda akakaa. Hakunitazama. Alichukua kiazi akaanza kumenya, na ganda likakatika mara tatu, vipande vifupi vifupi vikaanguka sakafuni. Nami nikachukua kisu. Tulimenya sufuria nzima hivyo, na mwishoni akauliza kama vile vipande vya kuchoma nimeshaviloweka. Nikasema bado. Akasema anataka kuona dawa inavyopimwa, ili huko Gitega mtu akiuliza, awepo wa kujibu pamoja nami. Kwa hiyo leo, kabla ya kuandika, nimempimia kwa kopo lako la maziwa, limejaa mpaka ukingoni, nikalisawazisha kwa kisu kama ulivyokuwa unafanya. Vipande viko kwenye kamba sasa hivi, naviona kupitia mlangoni. Kimoja, kile ambacho hakikufuliwa, kina madoa meupe. Ni mazuri sana, Babu. Nilikuwa sijui ni mazuri.

Asubuhi hii umekuja tena. Safari hii sikuweka birika chini wala sikufumba macho. Nilikuacha uhesabu mpaka mwisho.

Nisubiri hapo ulipo, mume wangu wa kwanza. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Gitega, na koleo nitampa Kashindi alishike yeye, nami nitahesabu kwa Kifaransa chako. Kaburini nitakuja baadaye, nikiwa nimemaliza kule vibandani, nguo zangu zikinuka moshi, na mama mkwe akiwa nyuma yangu anapanda kile kilima polepole. Ukisikia kikohozi, usiogope. Ni yeye. Anakuja kukusalimu mwenyewe.

Mke wako mdogo,
Zaituni